Staili yako ya kuchora komiki: maswali ninayoulizwa kila siku

Haya maswali yananijia kila wiki, mengine kwa maneno yaleyale kabisa, kwa hiyo nimeyakusanya hapa nipumzike kumjibu mmoja mmoja. Mimi nachora komiki, sio mwalimu, kwa hiyo mengine humu ni msimamo wangu tu na mchoraji mwingine atakwambia tofauti, na huyo naye msikilize.

Staili ni nini hasa? Mbona watu wanaiongelea kama uchawi?

Ni maamuzi unayoyarudia bila kufikiria, basi. Chukua sikio. Mwangalie sikio mtu aliyekaa pembeni yako kwa dakika nzima (ukiweza bila kugombana naye), utaona kuna ukingo wa nje unaojikunja, kuna mkunjo mwingine wa ndani uliogawanyika kama herufi Y, kuna kile kinyama kinachoziba tundu kidogo, halafu chini kuna ndewe. Sasa kwenye fremu (kile kiboksi kimoja cha picha kwenye ukurasa) yenye ukubwa wa kiberiti huna pa kuviweka vyote hivyo, lazima uchague. Mwingine anaweka nusu duara tupu anaendelea na maisha. Mwingine anaongeza kistari kimoja ndani. Mimi nimejikuta naweka kitu kama namba 6 iliyogeuzwa, sijawahi kukaa nikaamua iwe hivyo, ila nikifungua daftari zangu za zamani naikuta ipo kwenye kila kichwa, hata vichwa vya watu wa nyuma kabisa ambao hakuna msomaji atakayewaangalia. Sasa chukua hilo sikio uongeze pua, uongeze mikunjo ya nguo kwenye kiwiko, nywele, unavyomchora mtu akiwa mbali, unavyoacha nafasi tupu, ndo staili yenyewe hiyo.

Nimeitafuta miaka mitatu sijaipata. Nakosea wapi?

Kwenye hilo neno "kuitafuta". Najua inaudhi kusikia hivyo, mimi pia iliniudhi.

Angalia wengi wanavyofanya: wiki hii anachora macho makubwa, wiki ijayo kaona mtu mwingine anachora pua za pembetatu na yeye kahamia huko, na kila kitu kinaishia kwenye picha moja ya mtu amesimama anaangalia mbele, haendi popote, hakai, hagombani na mtu. Picha moja haikubani popote. Ukurasa wa komiki ndo unakubana, kwa sababu huyohuyo mtu sasa yuko juu ya ngazi, tunamwona kwa chini, kakasirika, nyuma yake kuna watu wawili na puto la maneno limeshakula nusu ya fremu, na wewe bado una fremu tano za kumaliza kabla ya kulala. Hapo unaanza kutafuta njia za mkato. Na ile mikato, ukiirudia kurasa 50 au 60, inageuka kuwa mkono wako.

Hergé, mchoraji wa komiki wa Ubelgiji, alianza kuchora komiki yake ya Tintin Januari 1929. Ule uchoraji wake ambao mistari ni safi, unene unakaribia kuwa mmoja, vistari vya kivuli hakuna, leo una jina kabisa, unaitwa mstari safi, ila jina lenyewe lilitolewa na mchoraji wa Kiholanzi Joost Swarte mwaka 1977. Hesabu hapo, miaka 48. Na zile kurasa za 1929 zimekaa rafurafu ukizilinganisha na alichokuja kufanya baadaye. Jamaa alikuwa na kurasa za kujaza kwenye nyongeza ya gazeti kila wiki, jina la staili walikuja kuhangaika nalo wengine.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, nitakwambia uache kuchora picha za kusimama na uanze stori fupi, kurasa nne, hata kama ni mbaya.

Nisome anatomia kwanza au nichore tu?

Vyote, kwa pamoja, usisubiri kimoja kiishe maana hakiishi.

Kuna ule utetezi wa "hapana, mimi ndo staili yangu hii", nauelewa sana kwa sababu nilikuwa bingwa wake. Mikono ilinishinda. Wahusika wangu wote wa miaka miwili ya kwanza wana mikono mfukoni. Mwizi anakimbia, mikono mfukoni. Daktari anapasua mgonjwa, tunamwona kuanzia mabegani kwenda juu. Hiyo haikuwa staili, nilikuwa namkimbia mwenye deni, na anayesoma anahisi hata kama hawezi kukwambia kuna nini.

Njia ya kujipima ni hii. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, yaani ukichukua kichwa chake kama rula. Mashujaa wa komiki huvutwa mpaka nane au zaidi, na vile vijitu vya kuchekesha vyenye vichwa vikubwa vina vichwa viwili au vitatu tu. Yote sawa. Ila aliyeamua vichwa vitano atakupa vitano fremu ya kwanza na vitano fremu ya ishirini, wakati ambaye hajui anakupa vitano hapa, sita pale, kisha mtu anakaa kwenye kiti miguu inakuwa mirefu kuliko aliposimama. Kama unaweza kukirudia kwa makusudi, hicho ni chako. Kama hujui kilikuja vipi, rudi kwenye mazoezi.

(Mikono nilikuja kuielewa siku nilipoacha kuanza na vidole. Anza na kiganja kama boksi bapa, halafu vidole vinne kama kitu kimoja kinachokunjwa pamoja, kidole gumba mwisho kwa sababu kina mambo yake.)

Kukopi wachoraji wengine ni kosa?

Hapana, tena kopi sana. Osamu Tezuka, ambaye macho makubwa ya komiki za Kijapani yalienea sana kupitia kwake, mwenyewe aliyaokota kwenye katuni za Kimarekani alizokuwa anaziangalia, za Disney na za kina Fleischer. Wajapani wenzake wakaja kumkopi yeye. Hakuna aliyeanzia hewani.

Ila kuna namna. Kuweka karatasi juu ya mchoro wa mtu ukapitisha penseli kunafundisha mkono kidogo sana, akili haifundishi kitu. Mimi nafanya hivi: naangalia fremu moja kama dakika tano, nafunga kitabu, nachora ninachokumbuka, halafu nafungua nalinganisha. Sasa hapo penye tofauti ndo pa kukaa. Kuna kosa la kutoona, yaani hukugundua kwamba bega limepanda, na kuna kosa la kupenda, yaani mkono wako umekataa tu. Ukiwakopi watu watano tofauti na kwa wote watano taya unaichora pana kuliko ilivyo, basi hiyo taya ni yako, ichukue uondoke nayo. Mimi hivi ndivyo nilivyojua kwamba napenda watu wenye shingo nene. Sijui kwa nini.

Na usikopi mmoja peke yake. Ukimkopi mmoja unakuwa kivuli chake, ukiwakopi watano wanaanza kugombana mkononi mwako na inabidi wewe uamue ugomvi.

Na sheria je? Mtu anaweza kunishtaki kwa kuchora staili yake?

Kwa kawaida sheria za hakimiliki hazilindi staili kama staili, zinalinda mchoro wenyewe, na mara nyingi mhusika mwenyewe pia. Kwa hiyo kuchora macho kama ya fulani sio tatizo, kumchukua mhusika wake ukamuuza ni tatizo, na kutresi ukurasa wa mtu kisha ukasema ni wako ni tatizo na ni aibu pia, wasomaji wa komiki wana macho makali watakukamata.

Watu wananiambia nachora "manga tu". Wananiudhi. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kama wanakosea. Manga, yaani komiki za Kijapani, ni kitu kikubwa mno, kuna manga za uchoraji unaokaribia picha halisi na kuna manga ambazo mtu ni duara na vijiti, kwa hiyo anayekwambia "manga tu" mara nyingi anamaanisha amekuona umechukua alama za juu juu: jasho la tone shavuni, nywele za miiba, kidevu chembamba. Alama hizo hazina ubaya, ila kama zimekuja zote kwa pamoja kama kifurushi basi hukuchagua hata moja. Ondoa mojamoja. Chora ukurasa bila lile tone la jasho, mtu awe na wasiwasi kwa mabega tu, kwa namna alivyoshika mlango. Utaona kuna alama utazirudisha kwa sababu kweli unazihitaji na nyingine hutazikumbuka tena.

Mhusika wangu anabadilika sura kila fremu. Msaada!

Karibu kwenye chama. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja kurasa nane, akazisoma kimya mpaka mwisho, akaniuliza "huyu wa ukurasa wa tano ni nani, kaka yake?" Alikuwa ni yuleyule. Nikasema ndiyo ni kaka yake, nikaenda nyumbani nikamwandika kaka kwenye stori. (Kaka alikuja kuwa mhusika mzuri kuliko yeye ila hiyo ni habari nyingine.)

Dawa yake haina raha lakini inafanya kazi. Kabla hujaanza stori mchore huyo mtu kwenye karatasi moja: mbele, pembeni, nyuma, robo tatu (uso umegeuka nusu kwenda pembeni), kwa juu, kwa chini. Robo tatu ndo inayowaumbua wengi kwa sababu jicho la mbali linatakiwa liwe jembamba kuliko la karibu na watu wanayachora sawa. Halafu mchore anacheka, analia, anatafuna. Ukimaliza mjaze wino mweusi wote, abaki kivuli kitupu, uone kama bado unamjua. Kama kivuli chake ni sawa na cha rafiki yake, msomaji naye atawachanganya. Mpe kitu: nywele zimeinuka upande mmoja, mgongo umepinda, koti kubwa kumzidi.

Na chagua vitu vitatu ambavyo havibadiliki hata mvua inyeshe. Wangu wa sasa ana nyusi zinazokutana, pengo la jino la juu, na mkono wa shati la kushoto umekunjwa siku zote. Mengine yanaweza kuyumba kidogo na hakuna atakayejua.

Nitumie kalamu gani?

Swali dogo watu wanaliona kubwa, ila lina upande wake wa kweli. Kifaa hakikupi staili lakini kinakusukuma. Jean Giraud ni mfano mzuri, mtu mmoja mwenye majina mawili, alipokuwa anachora hadithi za kikauboi za Blueberry akisaini Gir alitumia brashi, na alipokuwa anasaini Moebius kwenye zile dunia zake za ajabu alitumia kalamu. Brashi inakupa mstari unaonenepa na kukonda, kalamu inakupa vistari vidogo vingi vya subira. Mkono uleule, kichwa kilekile, ukurasa unatoka mwingine.

Naye Charles Schulz, Mmarekani aliyechora komiki ya Peanuts (ile ya mbwa Snoopy), alizoea ncha moja ya kalamu ya kuchovya, na kampuni ilipoacha kuitengeneza akanunua mzigo wote uliobaki. Sio lazima ufike huko.

Ushauri wangu, shika kimoja miezi sita. Kalamu ya wino ya ncha nyembamba inatosha kuanzia, mstari wake hauna unene tofautitofauti na hiyo inakulazimisha ufikirie maumbo badala ya kujificha kwenye mistari mizuri. Ila angalia jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia: kama unachora A3 na inachapwa A4, picha inapungua mpaka asilimia 71 hivi, kwa hiyo mstari wa milimita 0.5 unakuwa kama 0.35 na ule wa 0.1 unakuwa 0.07, yaani umepotea. Nilipoteza kope za mhusika mzima kwa njia hiyo.

Tableti inaua staili?

Haiui, ila ina mitego mitatu. Wa kwanza ni ile setingi ya kutuliza mstari, ukiiweka juu sana kila mtu anachora kama mtu mmoja, mistari yote inateleza kama imepakwa mafuta. Mimi naiweka chini kabisa. Wa pili ni kuvuta karibu: unakaa nusu saa kwenye mboni ya jicho ambayo kwenye ukurasa ni kama punje ya mchanga, kisha unakuta uso una undani mwingi na nyumba ya nyuma haina kitu. Jiwekee ukomo wa kuvuta, na kila mara rudi uone ukurasa mzima. Wa tatu ni kitufe cha kufuta ulichofanya. Kwenye karatasi mstari uliopinda unaishi nao, unautafutia kazi, na wakati mwingine ndo unakuwa uzuri wenyewe. Kwenye tableti unaurudia mara kumi na nne mpaka umekufa.

Saizi: A4 ya 300 dpi (vidoti kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, inatosha kwa rangi, ila kwa wino mweusi mtupu wa kuchapwa nenda 600.

Nishedi (niweke kivuli) kwa vistari au nijaze weusi?

Jaribu ukurasa mmoja mara mbili, kila namna moja, ndo utajua. Vistari vinakula muda. Mike Mignola, yule mchoraji wa komiki ya Hellboy, anamwaga weusi mpaka nusu ya uso inapotea na bado unamjua ni nani, ila weusi wa namna hiyo unadai ujue mwanga unatoka wapi, huwezi kudanganya.

Mwandiko na maputo ya maneno ni sehemu ya staili?

Ndiyo, na ndipo pengi panapoharibika. Mtu kachora kwa mkono unaotetemeka vizuri, halafu maneno kaweka fonti iliyonyooka kama risiti, puto limechorwa kwa duara la kompyuta, unaona kabisa vitu viwili havijuani. Kama unaweza, andika kwa mkono wako. Kama mwandiko wako hausomeki basi angalau puto lichore kwa kalamu ileile uliyochorea watu. Na liweke mapema, kwenye penseli, usimalize picha ndo uanze kulitafutia kona.

Naweza kuwa na staili mbili?

Giraud hapo juu alikuwa nazo. Lakini usianze na mbili, utakuwa na nusu mbili.

Staili yangu imebadilika katikati ya stori. Nirudi kuchora upya mwanzo?

Usirudi! Nimeona watu wanachora sura ya kwanza mara nne na sura ya pili haijawahi kuzaliwa. Kila ukifika mwisho wa sura ya kwanza umeshakuwa bora kuliko ulivyoanza, kwa hiyo ukirudi itakuwa hivyohivyo milele. Endelea mbele. Wasomaji wanazoea, wengine wanapenda kabisa kuona mkono unavyokua. Peanuts ya Schulz ilianza Oktoba 1950 na kwisha Februari 2000, na baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1981 mkono wake ulianza kutetemeka, mistari ikawa inatikisika, na aliendelea kuchora nayo hivyohivyo. Kwa macho yangu, mistari ile inayotetemeka ni mizuri kuliko mingi iliyonyooka.

Inachukua muda gani?

Hesabu kurasa, usihesabu miaka. Mtu aliyechora kurasa 100 zilizokamilika (na wino, na maneno, na mwisho wa stori) kwa kawaida ana kitu. Hiyo 100 ni makisio yangu kwa kuangalia watu ninaowafahamu, usiichukue kama sheria.

Nikichora ninavyopenda hazipati likes, nikichora kama wengine zinapata. Nifuate ipi?

Sina jibu safi. Picha moja ya kuvutia inashinda ukurasa wa stori kwenye mitandao, hiyo ni asili ya mahali penyewe, mtu anapita na kidole hana muda wa kusoma fremu sita. Mimi nilichofanya ni kuacha kuposti kitu siku niliyokimaliza, nasubiri wiki, maana nikiposti siku hiyohiyo zile namba zinaingia mkononi na ukurasa unaofuata naanza kuuchorea namba. Wewe labda huna udhaifu huo.

Programu za AI zinaiga kila staili sasa hivi, kuna haja gani?

Kama unachotaka ni picha iwepo tu, sina hoja ya kukushinda. Mimi napenda ile saa ya kupiga wino usiku ambapo penseli nimeshaimaliza na sihitaji kufikiri, na hiyo hakuna anayeweza kunifanyia.

Nitajuaje kwamba nimeshaipata?

Wewe utakuwa wa mwisho kujua. Mimi nilijua siku rafiki yangu alipookota kipande cha karatasi nilichokuwa najaribia kalamu, hakuna sura wala jina, ni kochi tu na viatu viwili chini yake, akaniuliza "hii ni ya ukurasa gani?" Nikamwuliza umejuaje ni yangu. Akasema viatu vyako siku zote vimekaa kama vimechoka.

Sawa, leo nianze na nini?

Ukurasa mmoja, fremu sita, watu wawili na mlango. Mmoja anataka kuingia, mwingine hataki kufungua. Usichore kitu kingine. Penseli leo, wino kesho, halafu keshokutwa chora ukurasa uleule tena bila kuangalia wa kwanza na uweke zote mbili pembeni kwa pembeni. Vilivyofanana kwenye zote mbili bila wewe kupanga, vizungushie kwa kalamu nyekundu.